Mizani ya Dhahabu Ipo, ya Zebaki Iko Wapi?

Serikali inaijua dhahabu ya mchimbaji mdogo hadi gramu. Tangu masoko ya madini yafunguliwe mwaka 2019, kila punje inayouzwa humo inapimwa na mrabaha unakatwa. Basi nauliza kwa niaba ya watu wa Sengerema: zebaki iliyoikamata dhahabu hiyo imepimwa na nani?

Nenda kwenye mialo ya kuchenjulia huku Kanda ya Ziwa. Mawe yanasagwa kwenye karasha, unga unaoshwa kwa maji, mchanga mzito unaobaki unatiwa kwenye karai na kumiminiwa zebaki. Mama anaukoroga kwa mikono mitupu, mtoto mgongoni. Donge la zebaki na dhahabu likishakamuliwa kwenye kitambaa linachomwa juu ya makaa, mara nyingine uani, palepale unaposongwa ugali. Mvuke wake hauonekani wala haunuki. Unaingia mapafuni, unashambulia ubongo na figo, na kwa mjamzito unamfikia hata aliye tumboni.

Zebaki inayosalia kwenye marudio, yaani mabaki ya mchanga uliokwisha kuchenjuliwa, nayo ina safari yake. Mvua inaisomba kuelekea ziwani, bakteria wa kwenye tope wanaigeuza sumu kali zaidi, samaki wadogo wanaibeba, sangara anawameza. Kule Minamata, Japani, kiwanda kilimwaga zebaki baharini, na mwaka 1956 hospitali ikaanza kupokea watoto walioshindwa kutembea na kusema. Wengi walitoka kwenye familia za wavuvi, walaji wa samaki kila siku kama sisi. Simwambii mtu aache sato. Nasema tusisubiri watoto wetu wawe ndio kipimo.

Tanzania ilisaini Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2013, ikauridhia 2020. Mkataba huo unataka kukomeshwa kwa uchomaji wa wazi, uchomaji kwenye makazi, na umwagaji wa sainaidi kwenye marudio ambayo hayajaondolewa zebaki. Sheria yetu ya Mazingira ya 2004 nayo inalinda mita 60 kutoka ufukweni. Karatasi tunazo, tena nzuri!

Na asitokee mtu wa kumtupia mchimbaji lawama. Anatumia zebaki kwa sababu ni ya haraka, haihitaji mtaji, na mara nyingi anayempa ni mnunuzi yuleyule anayeingoja dhahabu. Kumkamata yeye na kumwacha mwenye chupa ya zebaki ni uonevu.

Sehemu ya mrabaha uliokatwa Sengerema irudi Sengerema, inunue vifaa vya kunasia mvuke na kujenga vituo vya kuchenjulia visivyotumia zebaki, mbali na nyumba na maji. Mkemia Mkuu wa Serikali atangaze kila mwaka ni kilo ngapi za zebaki zimeruhusiwa kuingia nchini, na nani aliziuza. Bajeti ya Wizara ya Madini ikisomwa Dodoma bila fungu la vifaa na vituo hivyo, wabunge wa Sengerema na Buchosa wasimame waikatae.