Wikendi ya Urithi Gusii Ianze na Daftari

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inaziachia serikali za kaunti jukumu la makumbusho. Kwa hivyo kila Kisii au Nyamira inapotangaza sherehe ya utamaduni, nina haki ya kuuliza: ngoma zikiisha na hema likikunjwa, tunabaki na nini?

Nilifundisha historia Nyamira hadi nikastaafu. Mwanafunzi wangu aliyetaka kuona boma la kale ilibidi asafiri hadi Makumbusho ya Kisumu, akaone Ber-gi-dala, boma la Waluo. Majirani zetu wamefanya vyema kulihifadhi. Boma la Omogusii angelionea wapi?

Sherehe nyingi nilizohudhuria hazitofautiani. Mgeni wa heshima anachelewa, wazee wa obokano, ala yetu ya nyuzi, wanangoja juani, kisha wanapigishwa haraka haraka ili hotuba zianze. Hakuna anayemuuliza mzee yule ni nani aliyemfunza, mti wa ala ile huchaguliwaje, wala nyuzi zile nane hulinganishwaje. Akifariki anaondoka na majibu yote.

Mimi ningeipanga wikendi ya urithi hivi. Kwanza, tuiache Jumamosi. Huku kwetu Wasabato ni wengi mno, na ukiwaita akina magokoro (nyanya zetu) siku hiyo utapata viti vitupu. Tukutane Ijumaa, tumalizie Jumapili alasiri, misa ikishatoka. Kila nyumba ilete kitu kimoja: ekee (kikapu) ya kuwekea ugali wa wimbi, chungu, jiwe la kusagia. Wanafunzi wa kidato cha tatu wakae na wenye vitu, mmoja kwa mmoja, waandike daftarini kitu kinaitwaje kwa Ekegusii, nani alikitengeneza, kilirithiwa kutoka kwa nani. Simu zirekodi sauti. Hayo ndiyo makumbusho hasa. Jengo linaweza kufuata.

Tabaka, kunakochongwa mawe ya sabuni, nayo isiletwe kuuza vinyago tu. Watoto waone kazi yote tangu machimboni: wanaume wakichimba na kuchonga, wanawake wakisugua jiwe kwa msasa na maji hadi ling'ae. Waambiwe kwamba Elkana Ong'esa, mchongaji kutoka huko huko, ana sanamu yake katika makao makuu ya UNESCO, Paris.

Na Jumapili ile tuzungumze kuhusu 1908 bila kumung'unya maneno. Januari mwaka huo shujaa wetu Otenyo, akihimizwa na nabii Moraa wa Ngiti, alimchoma mkuki ofisa Mwingereza Geoffry Northcote. Askari waliotumwa kulipiza kisasi waliua watu, wakachoma nyumba, wakaswaga ng'ombe. Otenyo aliuawa, na wazee husimulia kwamba kichwa chake kilipelekwa Uingereza. Northcote alipona, akapanda vyeo hadi kuwa Gavana wa Hong Kong mwaka 1937. Nimekutana na vijana wa Kitutu wanaoijua ligi ya Uingereza timu kwa timu na hawajawahi kumsikia Moraa. Siwalaumu wao. Sisi watu wazima ndio hatukuwapeleka mahali pa kumsikia.

Makumbusho ya Taifa na washirika wake walipoorodhesha vitu vya Kenya vilivyo katika taasisi 30 za ng'ambo, walipata zaidi ya 32,000. Kitu kilichoondoka bila jina la mwenyewe ni vigumu mno kukidai, na hatari hiyo ipo hata kikichukuliwa na ofisi iliyo hapa nyumbani. Ndiyo maana nasisitiza karatasi. Nitaileta ekee aliyoisuka mama, lakini kwa mkopo. Nataka fomu ya Ekegusii na Kiswahili yenye picha ya ekee na jina la mama, isemayo kwamba ni mali ya familia na tunaweza kuidai wakati wowote. Kaunti itakayochapisha fomu hiyo nitaisaidia kuijaza, nyumba kwa nyumba, kuanzia Manga.