Mita 60 za mto zimlipe mkulima

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu chanzo cha maji, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Lengo ni jema. Miti hushika udongo wa kingo na huzuia mbolea na dawa za shambani zisiingie mtoni.

Hata hivyo, hesabu ya mkulima ni nyingine. Shamba linalopakana na mto kwa mita 70 tu hupoteza takriban ekari moja, tena ile yenye unyevu ambako nyanya na kabichi hustawi kiangazi. Katika milima ya Uluguru gharama hiyo hubebwa na mkulima, ilhali maji ya Mto Ruvu hunywewa Dar es Salaam. Ndiyo maana miche hupandwa kwa shangwe siku ya sherehe, kisha hukosa palizi na kumalizwa na mbuzi.

Dawa si mgambo. Kingoni ipandwe mikuyu na miti mingine ya asili, si mikaratusi inayonyonya maji mengi. Nyuma yake yafuate mabingobingo ya kulisha ng'ombe wa maziwa, na mizinga ya nyuki itundikwe mitini. Aidha, sehemu ya ada za matumizi ya maji zinazotozwa na Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu irudi vijijini kulipia utunzaji. Malipo yafuate idadi ya miti iliyo hai, si iliyopandwa.

Hapo mkulima mwenyewe ndiye atakayekuwa mlinzi wa mto.