Mipira ya Hewa Haibebi Nyumba

Tunaambiwa kuwa Mmarekani anayetaka kupandisha nyumba ya safari kwenye bodi bapa ya lori hahitaji Ford F-550. Mdogo wake, F-350 yenye tairi moja tu kila upande wa nyuma, inatosha, mradi iongezewe mipira ya hewa kwenye springi.

Hiyo mipira ndiyo kichekesho. Inainua matako ya gari lililozama, basi. Ekseli ni ileile, beringi zilezile, breki zilezile, na tairi hazina habari kwamba umepuliza chochote. Namba za kibandiko cha mlangoni, zinazotaja uzito wa mwisho unaoruhusiwa, hazipandi kwa pampu. Nyumba tupu ni nyepesi, sawa. Jaza maji lita 200: tayari kilo 200, kabla ya betri, friji, gesi na shemeji.

Eti F-350 inavuta tani nyingi! Kuvuta si kubeba. Tela lina tairi zake.

F-550 inarusharusha? Ikiwa tupu, ndiyo. Springi zake ni za gari linaloweza kufikia takriban kilo 8,800 pamoja na mzigo, nawe nyumba huishushi. Ni ghali, nakubali. Ila aliyelipia jiko, kitanda na bafu, akaja kubana senti kwenye ekseli, ameokoa nini?