Hongo, Kibali na Uraia: Fundisho la Unyanyembe

Mgeni aingiaye katika nchi isiyo yake hukabiliwa na maswali matatu yaliyo mbalimbali: je, aweza kuingia, je, aweza kukaa, na je, aweza kuwa mwenyeji? Aghalabu wanafunzi huyachanganya, na hata watu wazima huita "viza" kila karatasi itokayo Uhamiaji. Viza ni ruhusa ya kuingia tu. Atakaye kuishi Tanzania huhitaji kibali cha ukaazi, ambacho Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1995 imekigawa katika madaraja matatu: A kwa wenye mitaji na waliojiajiri, B kwa walioajiriwa, na C kwa wengineo, kama vile wanafunzi, watafiti na wamisionari. Uraia una sheria yake, nayo ni ya mwaka huo huo.

Mjini Tabora, kuanzia Kitete hadi Kwihara, maswali hayo yalikuwapo kabla ya pasipoti. Katika karne ya kumi na tisa misafara kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji haikupita bure. Watemi wa njiani walitoza hongo, yaani nguo, shanga na waya, ndipo njia ikafunguliwa. Wasafiri wa Ulaya walioandika habari za safari hizo waliilalamikia hongo kana kwamba ni unyang'anyi. Hukumu yao haistahili kufuatwa, kwa maana hongo ilikuwa malipo ya hadharani kwa mwenye nchi, na kazi yake haikutofautiana sana na ya ada ya viza. Neno hilo limeharibika baadaye tu, hata leo likawa na maana ya rushwa.

Kuruhusiwa kukaa kulikuwa jambo gumu zaidi. Mtemi Fundikira wa Unyanyembe aliwaachia wafanyabiashara wa Kiarabu wajenge na kuishi katika nchi yake. Alipofariki, mrithi wake Mnywa Sele alizitoza kodi bidhaa zao. Walikataa, wakamng'oa, wakamsimika Mkasiwa mahali pake, na vita vikaendelea hadi Mnywa Sele alipouawa mwaka 1865. Yaelekea kiini cha ugomvi ni kwamba masharti ya kukaa hayakupata kuwa bayana. Wageni walikwisha kujiona wenyeji. Mtemi mpya aliwaona wageni bado.

Utata wa namna hiyo ulirudi Tabora baada ya karne moja, ingawa safari hii wageni hawakuwa matajiri wala hawakushika silaha. Mwaka 1972 Wahutu wengi walikimbia mauaji ya Burundi. Serikali ya Tanzania iliwapokea, ikawapa ardhi katika makazi ya Ulyankulu, mkoani Tabora, kisha Katumba na Mishamo. Mishamo ilifunguliwa mwaka 1978, Ulyankulu ilipokwisha kuelemewa na wingi wa watu. Wakimbizi hao walifyeka miombo, wakalima mahindi, maharage na tumbaku, wakajitegemea kwa chakula. Hata hivyo waliendelea kuhesabiwa wakimbizi, na watoto waliozaliwa humo wakahesabiwa hivyo hivyo, na watoto wa watoto.

Sheria ya Uraia humtaka mgeni wa kawaida aombaye uraia awe ameishi nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na jumla ya miaka 7 katika ile 10 iliyotangulia. Watu wa Ulyankulu walingoja miaka 42. Mwaka 2007 waliulizwa kama wanataka kurejea Burundi au kuwa Watanzania, na walio wengi walichagua Tanzania. Mwaka 2010 maombi ya watu zaidi ya 162,000 yalikwisha kukubaliwa, lakini vyeti vikazuiliwa kwa sharti kwamba wahame makazi hayo na kutawanywa katika mikoa mingine. Oktoba 2014 ndipo vyeti vilipoanza kutolewa, na sharti la kuhama likaachwa.

Wako wanaosema kwamba ni haki ya dola kuamua nani akae wapi, na kwamba ardhi na maji vina kikomo. Hilo ni kweli, na kuelemewa kwa Ulyankulu ni ushahidi wake. Lakini hoja hiyo ingetosha kama ingetumiwa mapema, pamoja na muda uliotajwa. Kumwambia mtu alime, asomeshe watoto, alipe kodi, kisha baada ya miaka 38 ajiandae kufungasha, si mpango wa matumizi ya ardhi.

Hasara yake haikuwa ya moyo peke yake. Mkulima asiyejua kama atakuwapo baada ya misimu mitatu hupendelea zao la msimu mmoja. Tumbaku humfaa: hupandwa, huvunwa, hukaushwa kwa kuni za miombo, na fedha hupatikana mwaka ule ule. Mwembe hungojewa miaka kadhaa kabla ya kuzaa, na mti wa mbao miaka mingi zaidi. Miembe mikongwe ya Tabora, ambayo husimuliwa kuwa ililetwa na watu wa misafara, ni kazi ya watu waliotarajia kula matunda yake.

Jambo hili laweza kuchunguzwa na wanafunzi wa sekondari za Tabora bila chombo chochote ila kamba na daftari. Wapime mzingo wa miti ya matunda katika vijiji vya Ulyankulu, wamwulize kila mwenye shamba mwaka aliopanda, kisha wahesabu mingapi ilipandwa kabla ya 2014 na mingapi baadaye. Mzingo peke yake hautoshi kuonyesha umri, kwa sababu mwembe wa bondeni hunenepa upesi kuliko wa kichanga. Hivyo jibu la mwenye shamba lisiachwe. Na wafanye hesabu hiyo hiyo katika kijiji jirani cha wenyeji wa tangu zamani, wapate cha kulinganisha.