Mambo ya Nyumbani: Kikombe na Mizani



Majira ya Kipaimara na arusi yakaribiapo, akina mama wengi wa Bukoba na Muleba huoka keki, wengine kwa ajili ya watoto wao, wengine kwa kuuza wapate karo ya shule. Hapo hutokea fumbo. Kitabu cha mapishi chasema vikombe vitatu vya sukari ya unga, lakini mwenye duka auza kwa kilo. Asiyejua kulifumbua hupoteza fedha yake, na keki yake humwaibisha mbele ya wageni.

Kwanza yatupasa kujua ya kuwa kikombe hupima nafasi, bali mizani hupima uzito. Vitu viwili vyaweza kujaza chombo kimoja, wala uzito wao usilingane. Sukari ya chembe, kama ile itokayo katika kiwanda cha Kagera wilayani Missenyi, hujaza kikombe kwa gramu 200. Sukari ya unga, iliyosagwa laini kwa kupambia keki, hushika hewa nyingi zaidi katikati yake. Kikombe chake ni gramu 120 hivi. Nayo ikipitishwa katika chekeche huingiwa na hewa tena, ikawa kama gramu 100. Kikombe tukitajacho hapa ni kile cha vitabu vya Marekani, karibu mililita 240, wala si kikombe chochote cha chai.

Basi tufanye hesabu. Kilo moja ya sukari ya chembe ni vikombe 5. Kilo moja ya sukari ya unga isiyochekechwa ni vikombe 8 na theluthi. Iliyochekechwa ni vikombe 10. Kitabu cha zamani kikitaja ratli moja, ndiyo gramu 454: vikombe 3 na robo tatu vya sukari ya unga isiyochekechwa, au vikombe 4 na nusu vya iliyochekechwa.

Sasa mtazameni mama atakiwaye kutia vikombe 3 vya sukari ya unga iliyochekechwa, yaani gramu 300. Akikosa hiyo, akatwanga vikombe 3 vya sukari ya chembe, ametia gramu 600: mara mbili ya haki yake. Gharama imezidi, na utamu umechukiza. Ingalimpasa kutwanga kikombe kimoja na nusu tu. Tena asome maneno kwa uangalifu. Vikombe 2 vya sukari iliyochekechwa ni gramu 200. Lakini vikombe 2 vya sukari, kisha ichekechwe, ni gramu 240. Neno likihama mahali pake, kipimo nacho huhama.

Tukumbuke pia ya kuwa sukari ya unga ya dukani hutiwa wanga kidogo, mara nyingi wa mahindi, isigandamane. Kwetu kando ya ziwa hewa ina unyevu mwingi. Kwa hiyo ifungwe katika chombo kisichopitisha hewa, na mabonge yavunjwe kabla ya kupima.

Asiye na mizani afanye hivi. Achukue kikombe chake kimoja, akipeleke dukani, kipimwe kikiwa kitupu, kisha kikijaa sukari ya unga pasipo kushindiliwa. Atoe uzito wa kwanza katika wa pili, aandike jibu katika karatasi, aibandike ukutani mwa jiko. Siku zote atumie kikombe kile kile.

Enyi walimu, somo hili lafaa darasani, kwa maana halikomi jikoni. Debe la kahawa ya maganda na debe la kahawa safi hujaa sawasawa, lakini uzito ni mbalimbali. Gunia la lumbesa nalo huitwa gunia moja, na kumbe mkulima ametoa zaidi. Ndiyo sababu sheria inataka mazao yauzwe kwa mizani, na Wakala wa Vipimo, iliyoanzishwa mwaka 2002, huikagua mizani hiyo. Mtoto ajuaye leo kwa nini vikombe viwili vya sukari havilingani, kesho hatapunjwa sokoni, wala hatampunja mwenziwe.

Haba na haba hujaza kibaba. Lakini kibaba cha nini, na uzito wake ni kiasi gani? Tuulize kwanza, ndipo tulipe.