Maji ya Kisima Yasitukanwe

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Methali hii tunaiandika kila siku kwenye insha, lakini mimi nimeielewa mwaka huu tu, na walionifunza ni samaki.

Hapa Machakos tumezoea kutukana maji ya kisima. Ati ni ya chumvi, ati sabuni haitoi povu, ati yanaharibu birika. Kweli, birika letu nyumbani lina ukoko mweupe ndani kama lililopakwa chokaa. Basi mjomba aliponiletea moli weusi sita kutoka Nairobi, nikaona haya kuwapa maji hayo. Nikawachotea maji ya mvua kutoka tangi la nyanya, yale matamu ya chai. Nilidhani nawaheshimu.

Siku ya tatu wakaanza kutetemeka mahali pamoja kama mtu mwenye malaria, mapezi wameyakunja. Kufikia Jumapili wanne walikuwa wamekufa. Nililia, wala sioni aibu kusema. Nyanya akaniambia, "Mjukuu wangu, mbuzi wangu hulamba udongo wa chumvi. Wewe huulambi. Hao samaki uliwauliza wanataka maji gani?" Sikuwa na jibu.

Nikamwendea mwalimu wa kemia. Kumbe ugumu wa maji ni madini ya kalisiamu na magnesiamu ambayo maji huyeyusha yakipita kwenye mawe na udongo. Maji ya mvua hayajapita huko, kwa hivyo ni laini kabisa. Mwili wa samaki wa maji baridi una chumvi kuliko maji anamoishi, na chumvi hiyo huvuja kupitia matamvua. Kalisiamu iliyo majini husaidia kupunguza uvujaji huo. Isitoshe, maji laini mno hugeuka kuwa na asidi upesi kwa uchafu wa samaki wenyewe.

Moli ana jamaa zake: gapi, plati na mkia-upanga. Hawa hawatagi mayai, bali huzaa watoto hai baada ya mimba ya karibu mwezi mmoja. Moli, plati na mkia-upanga asili yao ni Mexico na Amerika ya Kati, ambako mito mingi hupita kwenye mawe ya chokaa. Gapi ni wa Trinidad na kaskazini mwa Amerika ya Kusini, na jina lake linatokana na Bwana Lechmere Guppy, aliyepeleka samaki hao London katika karne ya 19. Wote hupenda maji magumu, kiasi cha miligramu 150 hadi 300 za ugumu kwa lita. Si samaki wote walio hivyo. Neon wa Amazoni hutaka maji laini, lakini samaki wa Ziwa Tanganyika letu hutaka magumu.

Sasa nasikia chama chetu cha sayansi kinataka kuweka tangi la kioo la lita 100 katika maabara, tena lijazwe maji ya mvua kutoka tangi la jikoni kwa sababu ni "safi". Mimi napinga! Robo ya maji hubadilishwa kila wiki, yaani lita 25. Kwa wiki 12 za muhula hizo ni lita 300, au mitungi 15 ya lita ishirini. Nani kati yetu hajaamka alfajiri kuteka maji kabla ya kuja shuleni? Tumwage maji ya kunywa ili tuwaue samaki?

Wengine watasema maji ya kisima ni ya chumvi, yatawachoma. Wacha tupime kwanza. Chumvi ya kuonja kwa ulimi na ugumu si kitu kimoja. Tia maji ya kisima katika chupa moja, ya mvua katika nyingine, weka vipande sawa vya sabuni ya mche, siyo ya unga, kisha tikisa. Yanayokataa povu ndiyo magumu. Yakiwa na chumvi kidogo, moli na gapi huvumilia bila taabu. Yakiwa na chumvi nyingi mno, tuache. Tena tusiyachemshe, maana ule ukoko wa birika ni ugumu wenyewe ukitoka. Na samaki wakizidi, tusiwatupe mtoni wakasumbua samaki wa kwetu.

Moli wangu wawili waliobaki niliwaongezea maji ya kisima kikombe kimoja kimoja kwa siku tano, kwa sababu mabadiliko ya ghafla pia huua. Walinyoosha mapezi. Mwezi uliofuata jike alizaa watoto 19. Nyanya alipowaona alicheka mpaka akaketi.

Kwa hivyo ombi langu kwa walimu na wenzangu ni hili: tuchague samaki wanaofaa maji yetu, tusihangaike kutafuta maji ya kufaa samaki. Mvua tuiweke kwa chai. Kisima nacho tukipe heshima yake.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu