CD ya Mahafali Isiimbwe Upya

Wengi wenu mmeniuliza, bwenini na hata katika foleni ya uji, kwa nini CD ya kwaya ya mahafali ya Kidato cha Sita haijatoka mpaka leo. Wengine wamesema faili limeharibika. Wengine wamesema mimi niliyepewa kinasa sauti nililala. Sikulala. Lakini kosa lilikuwa langu, na yanipasa kulieleza kabla sijatoa shauri langu, maana shauri lenyewe limetoka katika kosa hilo.

Siku ile kinasa sauti cha kuazima kiliwekwa juu ya meza mbele ya kwaya, nami nikaambiwa nikiangalie. Usiku wa kuamkia mahafali nilikuwa nimekitumia kusikiliza mazoezi yetu, wala sikufikiri habari ya betri. Basi mvua ya masika ikanyesha juu ya mabati, kwaya ikaimba, na mzee mmoja wa hapa Old Moshi, aliyepata kusoma shuleni petu zamani, akainuka bila kualikwa akaimba nao sauti ya besi. Akina mama wakapiga vigelegele. Katikati ya wimbo wa mwisho taa nyekundu ya kinasa sauti ikazimika.

Jumatatu yake tukaenda katika chumba cha kompyuta, na faili likakataa kuingia katika programu ya Audacity. Programu ililiona kuwa tupu, ingawa kompyuta yenyewe ilionyesha kuwa lina zaidi ya MB 500. Hapo kamati ya kwaya ikagawanyika. Wengi wakasema hakuna haja ya kuhangaika: waimbaji wa Kidato cha Tatu na cha Nne waingie darasani jioni moja waimbe nyimbo zote upya, kisha makofi yachukuliwe katika simu ya mzazi mmoja na kubandikwa mwishoni. Nani atajua?

Mimi nilikataa, na mpaka sasa nakataa. Nyimbo zile ziliimbwa na ndugu zetu wa Kidato cha Sita, ambao wamekwisha kwenda makwao. Kuwauzia wazazi wao sauti zetu kwa jina la sauti za watoto wao ni udanganyifu, hata kama sisi tungekuwa twaimba vizuri kuliko wao (nami sisemi kwamba twaimba vizuri kuliko wao). Tena, besi ya yule mzee angeiimba nani?

Isitoshe, kitu chenye MB 500 hakiwezi kuwa kitupu. Faili la namna ya WAV lina kichwa mwanzoni, aghalabu baiti 44, nacho huieleza programu mikondo ya sauti ni mingapi, sampuli ni ngapi kwa sekunde, kila sampuli ina biti ngapi, na sauti yote ina urefu gani. Huo urefu kinasa sauti hukiandika kichwani wakati wa kufunga faili. Betri ikifa ghafula, kichwa hubaki kikisema urefu ni sifuri, na programu huamini kichwa bila kutazama tumbo. Dawa yake ni kuiingiza sauti kama data ghafi, yaani kuiamuru programu isikisome kichwa, na wewe mwenyewe uitajie yale yote ambayo kichwa kilipaswa kusema.

Kuyataja si kazi rahisi. Nilipokosea mpangilio wa baiti, ukasikika mvumo mkali tu, na mwenzangu akafurahi akidhani ndiyo mvua ya mabati. Nilipotaja mkondo mmoja badala ya miwili, kwaya ikaimba polepole mno kwa sauti nzito, kama ng'ombe walioshiba. Ndipo nikataja mikondo miwili, biti 16 na sampuli 44,100 kwa sekunde, maana nilijua kwamba hesabu hiyo ndiyo ya CD tangu Philips na Sony walipokubaliana juu yake mwaka 1980. Kwaya ikatoka! Tukapeana mikono. Lakini Mwalimu wa kwaya alipoitwa akasikiliza kidogo, akasema, "Hawa si watoto wangu."

Kweli, soprano walisikika kama watu waliopanda Kibo wakarudi siku hiyo hiyo. Wapinzani wangu wakasema, si mnaona, walikuwa wamechoka, tuimbe upya. Lakini nikakumbuka kinanda. Wimbo wa pili huanza kwa noti ya G, nayo katika rekodi yetu ilisikika katikati ya F na kile kibonye cheusi kinachoifuata. Mwimbaji aweza kushuka akichoka. Kinanda kile cha umeme hakichoki, wala hakijapata kutoa sauti iliyo katikati ya vibonye viwili.

Tukaichukua ile rekodi ya simu ya mzazi, iliyotumwa kwa WhatsApp, tukaupima wimbo ule ule kwa saa. Katika simu ulichukua dakika 4 kamili. Katika faili letu, dakika 4 na sekunde 21. Nikagawanya 261 kwa 240, nikapata 1.0875. Nikagawanya 48,000 kwa 44,100, nikapata karibu 1.088. Basi kinasa sauti kilikuwa kimerekodi sampuli 48,000 kwa sekunde, kama vyombo vingi vya video vifanyavyo, nami nilikuwa nikizisoma kama 44,100. Nikaingiza data upya kwa 48,000. Mwalimu hakusema neno. Aliketi akasikiliza mpaka mzee alipoanza kuimba.

Wengine wameuliza kwa nini tusitumie ile ya simu tu, kwa kuwa haikutusumbua. Ilitufaa sana kuwa shahidi, lakini haifai kuwa CD. Sauti iliyopita njia ile imekwisha kubanwa na sehemu yake kutupwa. Ukiigeuza kuwa WAV faili litanenepa, lakini kilichotupwa hakirudi. Kadhalika, anayetoka 48,000 kwenda 44,100 asibadili jina la hesabu tu, bali aiachie programu ihesabu sampuli upya, la sivyo ng'ombe wetu watarudi. Na wakati wa kuandika CD, ile nafasi ya sekunde mbili kati ya nyimbo iondolewe, ili makofi yasikatwe kama kwa panga.

Wako pia wanaocheka wakisema CD imepitwa na wakati, watu sasa wana flashi. Sina ugomvi nao; flashi na iwepo. Nyumbani kwetu radio ya CD bado inafanya kazi, na flashi ya kaka yangu imekwisha kufutwa mara tatu mwaka huu.

Shauri langu kwa uongozi wa shule ni kwamba kila rekodi ya shughuli zetu itunzwe kama ilivyotoka katika kinasa sauti, mahali pawili, na kazi ifanyike katika nakala tu. Mwalimu alitulazimisha kufanya hivyo kabla hatujagusa kitu, nami nikanung'unika. Laiti nisingetii, pengine faili lingekufa mikononi mwangu. Sauti za watu wa Tanganyika ambazo Hugh Tracey alizirekodi mwaka 1950 zilikuja kutolewa katika CD miaka mingi baada ya yeye kufariki mwaka 1977, kwa sababu rekodi zake zilitunzwa. Waimbaji wale hawakuwa watu wa kuitwa darasani jioni moja waimbe tena.

Wakati wa likizo ya mwezi wa sita tulipata habari kwamba yule mzee amefariki. Mjukuu wake, aliye Kidato cha Kwanza, amekwisha kuniuliza mara mbili kama babu yake anasikika. Anasikika, katika wimbo wa tatu na wa nne, juu ya mvua.

Limebaki jambo moja, nalo litaamuliwa na kamati Jumamosi. Wimbo wa mwisho unakatika katikati ya beti la pili. Wengine wanataka tuuondoe, wengine tuumalizie kwa sauti zetu. Mimi nitapiga kura uachwe vile vile, na karatasi ya CD iseme wazi kwamba betri ilikwisha, na ya kuwa aliyekuwa akiiangalia ni mimi.